Kutu Haianzii Unapoiona: Kulifufua Gari Refu la Zamani Nyumbani Pemba

Nilipong'oa zulia la nyuma la Pijo (Peugeot) la baba, kilichonipokea kwanza ni harufu ya karafuu. Makonyo ya karafuu ya misimu mingi yalikuwa yamelala chini ya zulia, yamerowa, yameshikana na mchanga na magamba ya samaki mpaka yakawa tope jeusi. Nikalikwangua kwa kijiko. Chini yake bati lilikuwa limeachana tabaka tabaka kama manda za sambusa. Nikigusa tabaka moja linabanduka, la pili linabanduka, hadi nikayaona majani ya uani kwetu Wete kupitia sakafu ya gari. Nikazunguka nje kuutazama ubavu ule ule. Rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Gari lilikuwa limepigwa rangi gereji miaka miwili tu kabla ya hapo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza watu jambo moja, na ndilo ninalotaka kulifafanua hapa. Visiwani mwetu yapo magari mengi ya zamani yaliyoegeshwa chini ya miembe, na wenyewe wanatamani kuyafufua. Karibu wote huanza na rangi. Lakini kutu haianzii unapoiona. Huanzia pale maji yalipoingia yakakosa pa kutokea, na pahala hapo ni ndani, gizani, kwenye mfuko wa bati ambao mwenye gari hajapata kuuona. Anayetaka kuliokoa gari aitafute kwanza njia ya maji. Kukata, kuchomelea na kupaka rangi hufuata baadaye.

Niseme machache juu ya gari lenyewe, kwa sababu umbo lake ndilo linaloamua kutu ikae wapi. Peugeot 504 ya saluni ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikafuata hii ndefu ya mizigo na familia, stesheni wagoni. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 290, wakati saluni ni 274. Nyuma ina springi nne, mbili kila upande, zimekaa juu ya ekseli nzima ya chuma, ili gari libebe abiria wa safu tatu au magunia bila kukaa chini. Afrika Mashariki ilizipenda gari hizi tangu enzi za Peugeot 404 iliyoitangulia: Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na wakarudia 1967, na 504 ikashinda mwaka 1975 chini ya Ove Andersson wa Sweden. Baba aliipendea ule urefu. Msimu wa mavuno ilibeba karafuu, na msimu ukipita ilibeba makasha ya samaki wa barafu kutoka mjini Mkoani. Barafu iliyeyuka njiani, maji yake ya chumvi yakateremka chini ya zulia, na hakuna aliyewahi kuliinua.

Pijo hii haina chesesi ya peke yake kama ya Land Rover za zamani. Bodi lenyewe ndilo chesesi. Sakafu, nguzo za milango, paa na lile boksi refu la bati linalopita chini ya milango, ambalo nitaliita kizingiti, vyote vinashikana kulibeba gari. Kwa hiyo kutu ya kizingiti si suala la sura. Kizingiti kikioza, gari linavunjika kiuno.

Tone moja la maji ya chumvi

Bati la gari lilichimbwa ardhini likiwa udongo wa chuma ulioungana na oksijeni. Moto wa tanuri ukavitenganisha, na tangu hapo chuma kinaingoja nafasi ya kuungana na oksijeni tena. Maji ndiyo yanayokipa nafasi hiyo.

Chukua tone moja la maji ya bahari lililotua juu ya bati tupu. Pembezoni mwa tone maji ni membamba na hewa inapenya kwa urahisi. Katikati tone ni nene na oksijeni ni haba. Tofauti hiyo inatosha kuligeuza tone kuwa betri ndogo. Umeme unatoka katikati, unapita ndani ya bati kwenda pembezoni penye oksijeni, na kadiri unavyopita, chuma cha katikati kinayeyuka kuingia majini. Unga wa kahawia hujikusanya kulizunguka tundu, lakini kinacholiwa ni pale katikati, palipokosa hewa. Mwanakemia wa Uingereza, Ulick Evans, aliyaonyesha haya kwa majaribio ya matone miaka ya 1920, na mpaka leo tone hilo linaitwa kwa jina lake.

Mtu akilielewa tone hili amekwisha kuielewa nusu ya kazi nzima. Sisi hudhani palipo wazi ndipo patakapooza na palipofunikwa patasalimika. Ni kinyume chake. Chini ya tope, chini ya raba ya kioo, kati ya mabati mawili yaliyobanana, chini ya puti (ile gundi ya kujazia bati) iliyopasuka ufa wa unywele: hapo maji yapo na oksijeni ni haba, na hapo ndipo chuma kinapoyeyuka. Kuifunika kutu ni kuitengenezea lile katikati ya tone.

Chumvi inazidisha kwa njia mbili. Kwanza inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, basi betri ile inafanya kazi kwa nguvu. Pili, inavuta unyevu hewani. Chumvi ya kawaida ya kupikia huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, ndiyo maana kikopo cha chumvi jikoni hurowa wakati wa masika bila mtu kukitia maji. Chumvi ya bahari imechanganyika pia na kloridi ya magnesiamu, na hiyo huanza kunywa unyevu kwenye asilimia 33 tu. Hewa yetu ya visiwani haikauki hivyo. Kwa hiyo bati lenye vumbi la chumvi, hapa Pemba au kule Unguja, limerowa usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Gari la Dodoma lililoegeshwa miaka kumi na gari la Wete lililoegeshwa miaka kumi ni wagonjwa wawili tofauti kabisa.

Na kutu inavimba. Inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Sote tumeona nyumba za ukingo wa pwani zilizojengwa kwa mchanga wa baharini, zege inapasuka na nondo zinachungulia nje. Kinachoipasua zege ni uvimbe wa kutu ya nondo. Kwenye gari uvimbe huo huo unayatenganisha mabati mawili yaliyoungwa kiwandani, ufa unafunguka, maji mengi zaidi yanaingia. Rangi inayoota vipele kwenye ukingo wa tao la tairi ni habari ya mwisho kutoka huko ndani.

Maji yanapita wapi

Kwenye gari refu maji yana safari ndefu. Paa ni kubwa, vioo vya ubavuni nyuma ni vipana, na kuna mlango mzima wa nyuma wenye kioo chake. Kila kioo kimekaa kwenye raba, na raba ya miaka arobaini jua limeikausha ikawa ngumu kama kwato. Maji yanapita chini yake, yanateremka ndani ya ubavu, yanatua kwenye mfuko ulio nyuma ya tao la tairi. Vivyo hivyo kwenye mlango wa nyuma, yanakusanyika kwenye ukingo wake wa chini. Kiwanda kilijua maji yataingia, kikaacha matundu madogo ya kuyatolea. Lakini matundu hayo yamezibwa kwa vumbi na matope, au kwa ile dawa nyeusi ya lami ambayo mtu aliipaka chini ya gari akidhani analilinda.

Mbele, chini ya waipa, kuna bonde la bati linalokinga maji ya kioo. Gari likilala chini ya mwembe, majani hulijaza bonde hilo, yanaoza yakawa mbolea, na maji yanatafuta njia ya kuingia miguuni mwa dereva. Kisha kuna vichwa vya shokapu za mbele, ambavyo tairi huvirushia tope maisha yao yote, na vikalio vya springi za nyuma, ambapo gari la mizigo likioza ni hatari tupu.

Kizingiti cha kushoto cha Pijo letu ndicho kilichonisikitisha zaidi. Nilipogonga kwa bisibisi, kipande cha puti chenye unene wa kidole kilianguka, na nyuma yake nikavuta gazeti. Gazeti zima, limesokotwa kujaza tundu, likapakwa puti juu, likapigwa rangi. Lilikuwa limerowa, na baadhi ya vichwa vya habari vilisomeka. Baba alilipa fedha za karafuu kwa kazi ile. Gazeti linanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta, na puti yenyewe, kwa kuwa ni gundi iliyochanganywa na unga wa talki, nayo hunywa maji. Aliyeifanya kazi ile aliweka sponji ndani ya uti wa mgongo wa gari.

Nilimwita mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi bodi ambaye ujanani alikuwa akitia kalafati majahazi. Nikamwuliza, "Ami, nianze kukata wapi?"

"Usikate kitu, mwanangu. Lete maji."

Akanieleza kwamba chombo kikiwa kimepandishwa pwani na hujui kinavuja wapi, unamwaga maji ndani uone yanatokea wapi nje. Tukafanya hivyo. Mimi juu ya paa na kata na ndoo, yeye chini amelala kwenye jamvi na tochi. Namwaga taratibu kwenye raba ya kioo kimoja, tunangoja, yeye ananiambia yametokea wapi na baada ya muda gani. Palipotoka maji haraka na masafi, hapana neno. Palipotoka baada ya dakika tano, yakiwa ya kahawia, tukatia alama ya chaki. Na palipoingia maji yasitoke kabisa, tukatia alama mbili. Asubuhi nzima ikaisha hivyo, na tulipomaliza gari lilikuwa na ramani ya chaki. Tulipofungua baadaye, kila alama mbili ilikuwa tundu.

Kabla ya msumeno

Vifaa vya kupimia ni rahisi. Sumaku iliyofungwa kitambaa hushika bati na huachia puti, ukiipitisha ubavuni utajua kilipo chuma na ilipo sura ya chuma. Nyundo ndogo hutoa sauti: bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti ya kufa. Bisibisi ikipenya, hapo si pa kusugua, ni pa kukata.

Halafu linakuja kosa ambalo huharibu magari mengi yaliyofufuliwa majumbani. Mtu anapandisha gari kwa jeki katikati, anakikata kizingiti kilichooza, anachomelea kipya kizuri. Anateremsha gari, milango haifungi tena. Alipokata, bodi lililokosa uti lililegea milimita chache, naye akalichomelea likiwa limelegea. Gari hilo sasa limepinda milele.

Kwa hiyo kabla ya kukata, gari likae juu ya stendi zilizowekwa pale uzito unapobebwa kwa kawaida, karibu na ekseli, si katikati ya sakafu. Chomelea vyuma vya pembe kukatiza uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, kama mtu anavyofunga banzi kwenye mfupa. Chukua uzi, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili, andika. Kata upande mmoja tu, umalize kuujenga ndipo uhamie wa pili. Na kila jioni jaribu kuufunga mlango.

Tangi la petroli litolewe kabisa kabla ya cheche ya kwanza. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri nayo itoke. Kama utatumia bati la pipa kuu kuu, kama wafanyavyo mafundi wengi, nalo linahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa kabla ya kukatwa kwa moto, na usilikate kamwe kama hujui lilibeba nini.

Bati la nje la gari lina unene wa milimita 0.8 hivi, na sehemu za kubeba uzito kidogo zaidi. Vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti vinalitoboa hata kwenye mkono mzuri. Mashine ya MIG, ile inayotoa waya wenyewe kwenye bomba la mkononi, kwa waya wa milimita 0.6 au 0.8, ndiyo inayofaa. Choma nukta, ruka sentimita tatu, choma nyingine, ngoja ipoe, urudi katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu, joto litalikunja bati kama jani la mgomba juu ya moto. Mashine hii hulinda chuma cha moto kwa gesi, na upepo wa kusi huipeperusha gesi hiyo, basi unapata kiungo chenye matundu kama sponji. Mimi nilizungushia makuti na turubai pande tatu. Nilichomelea asubuhi, kwani umeme wetu wa Pemba, unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, mtaani kwetu hupungua nguvu jioni watu wakiwasha taa na feni, na mashine ikikosa nguvu kiungo kinakaa juu ya bati bila kushika.

Kirakani usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba, na limepakwa zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta, usiku unapata homa na mtetemeko ulio sawasawa na wa malaria. Anayechomelea chochote chenye zinki aisugue kwanza ikatoke, na akae upande upepo unakotokea.

Kuitoa chumvi

Ukishakata palipooza, bado palipobaki pana kutu ya juu juu na mashimo madogo. Brashi ya waya huyang'arisha mashimo hayo na kukudanganya. Chini kabisa ya kila shimo kuna chumvi imejificha. Diski ya grinda, patasi, na msasa vifike kwenye chuma cheupe. Wapo wanaopuliza mchanga wa pwani kwa kompresa. Ningewasihi waache. Mchanga ule una chumvi, na vumbi la mchanga laini huharibu mapafu bila tiba.

Kisha osha kwa maji matamu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea bila kujua. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi chumvi, na kuosha bati kwa maji hayo ni kulirudishia adui. Nilikinga maji ya masika kwenye mapipa mawili chini ya paa, nikayaweka kwa kazi hiyo tu. Osha, sugua kwa brashi ya nailoni, osha tena, mara tatu au nne, kausha kwa kitambaa na hewa, na palipobaki kutu paka asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa ganda jeusi lisiloyeyuka.

Kwa vipande vidogo, kama bawaba, reli za viti na vishikio, kuna njia ninayoipenda kuliko zote, na dawa yake inauzwa sokoni. Ni magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Weka maji ya mvua kwenye ndoo ya plastiki, tia kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita nne. Tumbukiza kipande chenye kutu kikining'inia kwa waya, na pembeni yake kipande cha chuma chakavu, visigusane. Chukua chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kipande unachotaka kukisafisha, chanya kwenye chakavu. Povu dogo litaanza kupanda. Acha usiku kucha. Asubuhi kutu ya kahawia imegeuka unga mweusi unaotoka kwa brashi ya viatu, na chuma kizima hakikuliwa hata kidogo. Asidi haifanyi hivyo. Ndimu na ukwaju, ambavyo bibi zetu walisafishia shaba, huitoa kutu pia, lakini ukichelewa vinaanza kula chuma chenyewe.

Tahadhari zake uzishike. Povu lile ni hidrojeni, hushika moto, basi ndoo ikae nje. Usitie chumvi badala ya magadi, itatoka gesi ya klorini. Chakavu kisiwe chuma kisichoshika kutu kama cha vijiko, kwa kuwa kinatoa sumu ya kromu majini. Na springi na boliti za usukani na breki zisiingie ndoo hii, hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu ikakifanya kikatike ghafla.

Rangi inataka saa yake

Bati tupu hapa kwetu linaanza kupata wekundu kabla siku haijaisha. Sheria niliyojiwekea ni kutosugua zaidi ya ninachoweza kukipaka praima, yaani rangi ya kutangulia, kabla ya alasiri. Ukisugua ubavu mzima leo ili upake kesho, umande wa usiku unakufanyia kazi upya.

Praima zenyewe si ndugu. Ile ya kijivu ya bei rahisi ina matundu yasiyoonekana na hupitisha maji. Gari likiachwa nayo wiki mbili nje, kutu inaanza chini yake. Inayofaa kutangulia kwenye chuma ni ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili, kwa sababu ikikauka inazuia maji na chumvi. Puti, kama inahitajika kulainisha, ipakwe juu ya epoksi, nyembamba, ikisha ifunikwe. Ile ya Pijo la baba ilipakwa juu ya kutu. Viungo vyote vya mabati vijazwe silanti ya gari, gundi ya kuzuia maji, juu ya praima, kabla ya rangi.

Hewa nayo ina neno. Bati linatakiwa liwe na joto la nyuzi tatu au zaidi kuliko kiwango ambacho umande hutua, vinginevyo unapaka juu ya utando wa maji usiouona. Kwetu huo ni wakati wa kaskazi au kipupwe, kuanzia saa nne asubuhi jua likishaipasha bodi, hadi saa nane. Masika usiguse.

Kwa kuwa nimeyataja maji ya kisima, niseme na la injini hapo hapo. Pijo hii ina bloku ya chuma na kichwa cha alumini. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri ile ile ya tone, na alumini ndiyo inayoliwa. Usiitie rejeta maji ya kisima hata siku moja. Tumia dawa ya rejeta, iliyochanganywa kwa maji yasiyo na chumvi. Mabomba ya breki ya chuma, kama yana vipele, yabadilishwe yote kabla gari halijatoka uani, bila kujadiliana.

Kuyafungulia maji

Kazi ya mwisho haionekani, na ndiyo inayoamua kama gari litakaa miaka mitatu au ishirini. Ndani ya kizingiti kipya kuna bati lililochomwa, na praima ya upande ule imeungua. Brashi haifiki. Panahitajika nta ya maji maji inayopulizwa kupitia matundu madogo, ikatambaa mpaka kwenye viungo na kubaki laini bila kupasuka. Ikikosekana madukani, nimeyeyusha nta ya nyuki ndani ya oili safi ya gia, chungu kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, nikaipuliza ikiwa vuguvugu. Oili chafu ya injini isitumike, ina asidi. Wajenzi wa vyombo vya baharini wameyajua haya zamani kwa sifa, mafuta ya papa wanayopaka mbao. Hata kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani ilianza mwaka 1921 baada ya nahodha mmoja kuona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye deki yenye kutu yaliizuia isienee.

Nta ikishatulia, pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji, moja baada ya moja, na uhesabu. Raba za vioo ziwe mpya, na zulia la nyuma usiligundishe. Sisi tuliliacha limelala tu, ili liinuliwe kila mwezi na hasa baada ya safari ya samaki, pakamwagwe maji ya mvua na paachwe wazi jua zima.

Siku tuliyomaliza, ami alirudi na jamvi lake. Nikapanda juu ya paa na kata ile ile. Nilimwaga kwenye raba ya kioo cha nyuma kushoto, pale palipokuwa na alama mbili za chaki, nikangoja. Aliniambia yametoka kabla sijaijaza kata ya pili, kwenye tundu la nyuma ya tairi, na nikamwona amekinga kiganja anayatazama rangi yake kwenye mwanga wa tochi.

"Meupe," akasema. "Haya, mwaga upande wa pili."